Jina litakuja la mtu mwingine

Saa nne asubuhi, chini ya mwavuli wa wakala wa laini za simu, jirani na Soko la Majengo, Dodoma. Mama wa makamo ametoka Hombolo na ndoo mbili za zabibu. Ameuza moja, na kabla ya kurudi anataka laini ya pili, ya mtandao unaoshika vizuri kijijini. Kijana anamwamkia, "Shikamoo mama," anapokea karatasi ya namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuchanika, anaingiza tarakimu zote 20, kisha anasogeza kimashine cha alama za vidole. "Weka gumba hapo." Taa inawaka. Kijana anaangalia kioo cha simu yake, anaguna. "Haijasoma mama, weka tena." Mama anapangusa kidole kwenye kanga, anaweka tena, safari hii anakandamiza. "Haya, tayari."

Ilisoma tangu mara ya kwanza. Kidole cha kwanza kimesajili laini ya mama. Cha pili kimesajili laini nyingine, kwa jina lake, na laini hiyo iko mfukoni mwa kijana. Baada ya wiki mbili maelfu ya watu wanapokea ule ujumbe wa matapeli tunaoufahamu wote: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Jina linalokuja ni la mama wa Hombolo.

Mwandishi anayetaka filamu ya taharuki juu ya utambulisho ulioibwa hana haja ya kutafuta pengine pa kuanzia. Swali ni moja tu: mtazamaji ajue lini? Ukimficha mpaka polisi wanapofika uani kwa mama, umempa mshtuko, na mshtuko huisha ndani ya sini (onyesho) hiyohiyo. Ukimwonyesha kioo cha simu ya kijana kwa sekunde mbili, maandishi "usajili umekamilika" yakisomeka vizuri kabla kijana hajatamka "haijasoma", umempa hofu ya kukaa nayo saa nzima. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka bila watu kujua, wanapata sekunde 15 za mshtuko. Wakiliona kwanza, mazungumzo yoyote ya kawaida pale mezani yanakuwa dakika 15 za taharuki. Hapa bomu ni laini ya simu. Mama akienda kanisani, akilipa ada ya mjukuu, akicheka na wenzake shambani, sisi tunajua kuna namba inafanya kazi kwa jina lake.

Kuna sababu ya uongo wa kijana kukubalika, na filamu inatakiwa iioneshe. Vidole vya watu wa kazi ngumu kweli havisomi. Anayelima kwa jembe la mkono miaka 30, anayeponda kokoto, anayefua kwa mikono kila siku, mistari ya vidole vyake imelika. Mashine inamkataa mwenyewe. Ni kawaida kumwona mzee akibadilishiwa vidole mmoja baada ya mwingine, anapakwa mafuta kidogo, anafutwa, anajaribu tena. Kwa hiyo mama haoni ajabu yoyote akiambiwa arudie, amezoea kukataliwa na mashine. Shoti ya karibu ya gumba lile, lenye ufa mmoja wa udongo usiotoka hata kwa sabuni, inaeleza hayo yote bila neno. Wengi watataka kuweka mazungumzo ya kufafanua hapa. Yaachwe.

Filamu za aina hii zina koo mbili, na mwandishi achague mapema anaandika ya upande upi. Ya kwanza ni ya mtu aliyedhaniwa ni mwingine. Kwenye North by Northwest ya mwaka 1959, mfanyabiashara wa matangazo anamwita mhudumu hotelini ampelekee mama yake simu ya maandishi (telegramu). Sekunde hiyohiyo mhudumu anapita akiita jina la mtu mwingine. Majasusi waliokaa pembeni wanaona mkono ulionyooshwa, basi, maisha yake yamebadilika. Ukoo wa pili ni wa mtu aliyejivika jina kwa kutaka. Kwenye The Passenger ya mwaka 1975, mwandishi wa habari anamkuta mpangaji mwenzake amekufa chumbani, katika hoteli ya jangwani, anabandua picha kwenye pasipoti mbili na kuzibadilisha. Wa kwanza anahangaika aaminiwe kuwa si yule. Wa pili anahangaika asijulikane kuwa si yule. Ukichanganya mahangaiko hayo mawili kwa mhusika mmoja bila mpango, mtazamaji hajui amwombee nini.

Tatizo la kuiga filamu hizo ni kwamba mitambo yake imepitwa na wakati hapa kwetu. Kubandua picha hakumfikishi mtu popote. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Hata hadithi ya mapacha, Kulwa kujifanya Doto, haisimami tena mbele ya kimashine, maana mapacha wa kufanana hushiriki sura lakini hawashiriki alama za vidole. Kama unataka Kulwa amdanganye mjomba, sawa. Akienda benki, mtazamaji wa leo atakuuliza kidole kilisomaje, na atakuwa na haki.

Kinachobaki, na ndicho kizito kuliko vyote, ni wizi wa jina uliofanyika kabla ya vidole. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Lakini mwandishi wa filamu asimame kwenye kundi jingine la ripoti hiyohiyo: vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Cheti kimoja, watu wawili. Mahali fulani nchini kulikuwa na mtu aliyefaulu kidato cha nne, na mahali pengine kulikuwa na mtu wa pili aliyefaulu mtihani uleule, kwa jina lilelile na namba ileile ya mtihani, na wote wawili walikuwa wakilipwa mshahara kila mwisho wa mwezi.

Iliwezekanaje? Vyeti vya miaka ya nyuma havikuwa na picha. Cheti kilikuwa na jina, shule, namba ya mtahiniwa, mwaka na alama za masomo. Dada aliyefaulu akaolewa na asiendelee, cheti kikabaki sandukuni kwa mama. Mdogo wake aliyefeli akakichukua, akaenda chuo cha ualimu au uuguzi kwa jina la dada. Kilichofuata hakikuwa cha kughushi hata kidogo. Alisoma kweli, alifaulu kweli, alipata leseni, akafundisha au akazalisha wanawake miaka 20. Kila karatasi iliyofuata ilikuwa halali, ila ilijengwa juu ya jina lisilo lake. Huyu ni mhusika bora kuliko jambazi yeyote, kwa sababu mtazamaji anampenda kabla ya kujua, na akijua bado anampenda, ila hawezi tena kukaa kwa amani.

Tumpe jina la filamu. Amezaliwa Neema, anaishi kama Rehema, na Rehema halisi ni dada yake mkubwa aliyeko kijijini upande wa Bahi. Mwandishi akishafika hapo, kazi yake ya kwanza ni kuchukua karatasi kubwa na kuchora miaka. Hapa ndipo skripti nyingi huharibika. Rehema kazaliwa 1968, Neema kazaliwa 1974. Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na analazimika akiwa na 60. Kazini, Neema ana umri wa dada yake, kwa hiyo atastaafishwa miaka sita kabla ya wakati wake halisi, na hana mtu wa kumlalamikia. Ukigeuza, akitumia cheti cha mdogo wake, atabaki kazini magoti yakiwa yamechoka huku wenzake wakimshangaa kuzeeka haraka. Chagua mojawapo uifuate mpaka mwisho. Tofauti ya miaka kati ya mtu na jina lake ni saa inayolia ndani ya filamu nzima, na haihitaji muziki.

Kisha chora karatasi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki ya watoto, cheti cha ndoa, fomu ya warithi kazini, kitambulisho cha taifa, hati ya kiwanja. Kwa kila moja andika jina gani limekaa. Neema alibatizwa Neema, na padri mzee bado ana daftari. Aliolewa kama Rehema. Watoto wake wamesajiliwa mama yao akiwa Rehema. Kwenye fomu ya warithi ameandika dada yake, na akalazimika kumwandika dada kwa jina gani? Kama Neema. Wamebadilishana bila kukaa kikao. Rehema halisi, yule asiyetoka kijijini, alipokwenda kujiandikisha apate kitambulisho alikuta nini? Hapo ndipo mpasuko wa filamu unapotokea, kwa sababu waliotoa vidole vyao kwa jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa sasa ni wawili. Msomaji makini wa skripti atakusumbua zaidi hapo kuliko penginepo, kwa hiyo lijibu swali hilo kabla hujaandika mazungumzo hata mstari mmoja.

Tofauti ndogo za majina peke yake hazitoshi kuwa kisa. Watanzania wengi wana jina la nyumbani, la dini na la shule, na herufi moja ikitofautiana mtu huenda kwa wakili akala kiapo, yakaisha. Ukijenga kilele cha filamu juu ya herufi iliyokosewa, ukumbi mzima utajua kwamba suluhisho ni kiapo cha jina.

Kwa nini Dodoma? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ya 2022 ilihesabu 765,179 katika jiji. Katikati ya hesabu hizo mbili, mwaka 2016, serikali ilitangaza kwamba inahamia kweli, baada ya uamuzi uliosubiri tangu 1973. Watu wakashuka na mabegi na karatasi. Mitaa ya Nkuhungu, Ilazo, Kisasa na Nzuguni ikajaa wapangaji ambao jirani hajui walikotoka. Zamani mjumbe wa nyumba kumi ndiye aliyekuwa kitambulisho. Akisema "huyu namfahamu", mambo yanakwisha. Leo mtendaji wa mtaa anaandika barua ya utambulisho kwa mtu aliyemwona mara mbili, kwa kuamini mkataba wa pango na nakala ya kitambulisho. Mji wa aina hiyo unamfaa mtu mwenye jina la kuazima, na unamtisha kwa wakati mmoja, maana wizara zote zinazotunza karatasi zimehamia pale alipo. Nyumba ya Neema ikiwa Ihumwa, Mji wa Serikali wa Mtumba uko jirani tu.

Ila mji unaozungukwa na vijiji vyenye kumbukumbu una hatari yake. Karani anauliza namba, bibi anauliza ukoo. Neema anaweza kupita kaunta zote za jiji, kisha akakwama kwenye benchi la stendi ya Nzuguni pembeni ya bibi mwenye mgolole aliyemwamkia "Mbukwa", salamu ya Kigogo, na kuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani pale Bahi?" Hapa hakuna fomu. Akitaja baba, bibi ataunganisha: "Ahaa, kwa hiyo wewe ndiye Neema, yule mdogo. Rehema si yuko kijijini? Jana nimemwona kisimani." Na pembeni yao amekaa mfanyakazi mwenzake wa hospitali. Sini hii iandikwe polepole, dakika nne au tano. Bibi asiwe mpelelezi wala mwenye shari, awe na furaha ya kumpata mtoto wa nyumbani. Upendo wake ndio unaombana Neema. Mwandishi akimfanya bibi mwenye hila, ameua sini.

Upande wa polisi, sheria yenyewe inampa mwandishi muda. Mtuhumiwa aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Rudi kwa mama wa Hombolo: amekamatwa Ijumaa jioni, mwanawe anahangaika na dhamana, mdhamini anatakiwa awe na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, na ofisi ya mtaa imefungwa mpaka Jumatatu. Hizo saa zinatosha kubeba theluthi ya filamu bila risasi hata moja. Sini ya ufunuo isiwe ya mpelelezi kugonga meza. Binti wa mama anabonyeza *106# kwenye simu, anafuata menyu, na orodha ya namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mama inaonekana. Mama ana laini mbili. Orodha ina nne. Binti anahesabu kwa kidole, anarudia. Laini ya tatu, ile ya wizi, tuliiona ikisajiliwa. Ile ya nne hatukuiona, na sasa hata mtazamaji aliyedhani anajua kila kitu hajui.

Sini za kioo cha simu huharibiwa kwa njia tatu, na zote zinaepukika. Mwandishi anafanya mhusika asome kwa sauti kile ambacho tunakiona. Mpiga picha anapiga simu na uso kwa shoti moja, kioo kinakuwa cheupe kama taa. Edita anakata kabla mtu hajamaliza kusoma. Dawa ni kupiga kioo peke yake, mwanga wa simu ukiwa umepunguzwa hadi chini ya nusu, na kuacha sekunde mbili kwa kila mstari, kwa sababu ukumbini kuna wanaosoma taratibu. Halafu ulinde watu wa kweli. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukiandika namba ya kubuni ya maigizo, weka mwezi wa 13, na hakuna binadamu atakayekuta kitambulisho chake kwenye filamu yako. Namba ya simu itumike ile ambayo watengenezaji wameisajili wenyewe. Namba ya kubahatisha ina mwenyewe, naye atapigiwa simu usiku kucha.

Kuhusu kupiga picha jijini, kibali cha Bodi ya Filamu kitangulie, na maeneo ya serikali yaombewe ruhusa yake kwa maandishi mapema. Kamera mbele ya wizara bila barua humaliza siku ya kazi kituoni. Sare za polisi haziazimwi kwa rafiki. Mwanga wa Dodoma ni mkali kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, uso wa mweusi chini ya jua hilo unapoteza macho, kwa hiyo sini za nje zipangwe alfajiri na jioni, na mchana muingie ofisini. Adui mkubwa ni upepo. Miezi ya kiangazi unavuma kutwa, unabeba vumbi jekundu mpaka ndani ya lenzi, na maikrofoni isiyo na kifuniko chake cha manyoya hairekodi chochote zaidi ya ngurumo. Bati nalo hulia linapopata joto asubuhi na linapopoa jioni. Anayerekodi sauti apewe dakika mbili za ukimya katika kila lokesheni, arekodi sauti ya hewa ya pale peke yake. Edita atamshukuru.

Treni ya umeme, iliyozinduliwa rasmi hadi Dodoma Agosti 2024, imefuta sini moja ya zamani: safari ndefu ya basi, mtu akiwa na muda wa kukata tamaa. Sasa mtu anayemfahamu Neema wa kweli anatoka Dar es Salaam na kufika kabla ya saa nne kupita. Kwa taharuki hii ni faida. Simu inaingia saa mbili asubuhi, "nakuja", na saa sita mchana yuko stesheni.

Mwisho wa filamu ya namna hii haumo mahakamani. Mwaka 2022 serikali iliamua walioondolewa kwa vyeti vya kughushi warejeshewe michango yao ya hifadhi ya jamii. Mtu aliyechangia kwa jina la dada akasimama mbele ya kaunta ajieleze yeye ni nani, apate jasho lake. Ni sini nzuri. Lakini ipo iliyo nzuri kuliko hiyo, nayo ni msiba.

Neema amefariki. Jeneza liko uani kwao, Bahi, chini ya turubai la bluu. Upande mmoja wamekaa watumishi wa hospitali waliokuja na basi dogo, wamlilie Rehema. Upande wa pili wamekaa wanakijiji, wamlilie Neema. Rehema wa kweli yuko mbele, kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa kanga. Kaka yao anasimama kusoma wasifu wa marehemu akiwa na karatasi mbili mkononi, moja iliyoandikwa kazini na moja iliyoandikwa nyumbani. Kamera isiende kwa waombolezaji. Ibaki kwenye karatasi hizo mbili na kidole gumba kinachozishika, upepo ukizipeperusha. Siku zote unaambiwa uondoe upepo kwenye sauti. Hapa uache. Anakohoa, anasema, "Marehemu alizaliwa mwaka..."